Mwalimu Viatu na Mstari Mtupu

Usiku ule Fundi alishona pindo la sketi moja mara tatu, na mara tatu akalifumua. Simu aliiweka juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na kopo la vifungo, kioo kikitazama juu ili isije ikawaka asiione. Iliwaka mara mbili. Mara ya kwanza ni mteja aliyetaka kujua gauni lake limefika wapi. Mara ya pili ni yuleyule, anauliza kama ujumbe wa kwanza umefika.

"Wifi, ukizidi kuitazama hivyo hiyo simu itaona haya," alisema wifi yake, aliyeketi kizingitini akijikanda miguu.

"Mwalimu mkuu alisema kikao kikiisha tu ataniandikia. Kimeanza saa nane mchana. Sasa hivi saa tatu usiku."

"Mwalimu mkuu yupi? Huyu wetu? Huyu ambaye mkaguzi akikohoa yeye ndiye anayekimbilia duka la dawa? Ataandika akishaambiwa aandike nini."

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka sindano imchome. Wifi yake ndiye aliyekuwa mhudumu wa shule, anafagia madarasa yote, na habari za humo alizijua kabla ya walimu wenyewe. Lakini usiku ule alirudi kuitazama simu. Pale ofisi ya elimu watu watano walikuwa wamekaa kuamua kama mwalimu wa historia wa darasa la tano aendelee na kile kipindi chake cha Ijumaa, au kipindi kifutwe na yeye ahamishwe. Fundi alikuwa mwakilishi wa wazazi wa darasa hilo, kwa hiyo yeye ndiye wa kupokea habari na kuwapa wenzake. Kosa lenyewe ni lipi, hakuna aliyemwambia. Alichojua ni kwamba mkaguzi alikuja Jumanne, akatazama kazi za watoto ukutani, akaandika, akaondoka na karatasi moja mkononi.

Nyuma ya pazia binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Tangu hiyo Jumanne hakuwa akila vizuri.

Mwalimu huyo wa historia watoto walimwita Mwalimu Viatu, na alilijua jina hilo na kuliitikia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha sufuria motoni. Marehemu baba yake alikuwa na kibanda cha viatu karibu na soko, na kaka yake bado anakiendesha. Kwa miaka kumi na minane alifundisha zama za kati kama alivyofundishwa yeye: vita hivi, mwaka huu, mfalme huyu, akafuata yule. Watoto wakanakili, wakasahau, wakanakili tena. Mpaka siku moja, katikati ya orodha ya wafalme tisa, mtoto wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hawa nao walikuwa na mama?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aligeuka akawatazama wale wafalme tisa ubaoni, akachukua dasta akawafuta wote. Jumamosi iliyofuata alikwenda maktaba ya mji akakaa mpaka mlinzi akamzimia taa.

Hakwenda kuwatafuta wafalme. Alikwenda kutafuta watu wenye kazi za mikono na matatizo ya nyumbani, walioishi miaka mamia iliyopita, na ambao kuna mahali wametajwa kweli. Akampata fundi aliyetengeneza saa ya maji yenye umbo la tembo. Akampata mtawa mwenye kigugumizi, ambaye nyimbo ndefu zisizo na maneno zilikuwa zikimponyoka kichwani, akaamua kuzitilia maneno ili zikae. Akampata mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na miaka ishirini na mitano, akabaki na watoto watatu na mama mzazi, akawalisha wote kwa kalamu. Kila mmoja alimwandikia ukurasa mmoja tu, akaubandika kwenye kadibodi aliyoikata kutoka kwenye mifuniko ya maboksi ya viatu ya kaka yake. Kisha kurasa hizo akazipanga ndani ya maboksi yenyewe, akayaweka kwenye rafu ya chumba kidogo kando ya darasa. Maboksi yalikuwa kumi, na pale pembeni panapobandikwa namba ya kiatu aliandika namba ya karne: kuanzia sita hadi kumi na tano.

Fundi alikutana naye kwa ugomvi. Mwanzoni mwa mwaka, akikagua daftari la bintiye kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine, aliona imeandikwa: mwaka 1206, karne ya kumi na tatu. Akapandwa na hasira. Yeye aliishia darasa la sita, lakini kumi na mbili na kumi na tatu anazijua. Asubuhi alikuwa mlangoni mwa darasa, daftari kwapani.

"Mwalimu, sitaki kukukosea heshima. Lakini hapa umekosea, na mwanangu amekosea na wewe."

Mwalimu alilitazama daftari, halafu akamtazama yeye kuanzia kichwani, akaishia miguuni.

"Fundi, ukimnunulia binti yako viatu vya shule, unanunua namba ipi?"

"Inayozidi moja. Mtoto anakua, Mwalimu, nikinunua ya sasa si nitarudi dukani baada ya miezi mitatu?"

"Basi na karne ndivyo ilivyo. Mtoto akiwa mwaka mmoja tu, hata mia hajafika, tayari tumemvisha kiatu cha kwanza. Karne ya kwanza. Akifika mia moja na kitu, kiatu cha pili. Huyu wa mwaka elfu moja mia mbili na sita, mguu ni kumi na mbili..."

"Kiatu kumi na tatu," Fundi alimalizia, na daftari likashuka kutoka kwapani lenyewe.

"Umeona? Baba yangu alikuwa anasema hivyo kwa wateja kila siku, na wala hakujua kwamba ananifundisha historia."

Fundi alirudi nyumbani na aibu kidogo na furaha nyingi. Siku ile alimweleza karne kila mteja aliyekuja kupimwa, na mmoja akamuuliza kama siku hizi anashona pia viatu.

Tangu hapo alikuwa akipita shuleni kila Ijumaa saa nne, eti anampelekea wifi yake kitu, kumbe anasimama dirishani. Akaona mambo yanavyokwenda. Kila mtoto anapewa mtu wake wa kukaa naye muhula mzima. Ijumaa anasimama na kusimulia maisha hayo kwa dakika tatu. Lazima aanze na mikono: mtu huyu mikono yake ilishika nini? Akithubutu kusema alikuwa shujaa au alikuwa mkuu, Mwalimu Viatu anagonga meza kwa kidole. "Nani kakuambia? Niambie alichofanya, mimi mwenyewe nitaona kama ni mkuu. Hapa hatutii chumvi." Akimaliza, wenzake wanamrushia maswali, na watoto hawana huruma.

"Huyo mjane wako, watoto wake walikuwa wanamsumbua akiandika?"

"Alikuwa na paka?"

"Wewe, swali gani hilo!"

"Kwani watu wa zamani hawakuwa na paka?"

Na hapo ndipo Fundi alipoona jambo ambalo hajawahi kuliona katika darasa lolote. Yule mtoto aliyeulizwa kuhusu paka alinyoosha shingo, akainua kidevu, akasema kwa sauti ya kutosha: "Hatujui." Mwalimu Viatu akatikisa kichwa kwa kuridhika kana kwamba mtoto ametaja mji mkuu wa nchi fulani. Ilikuwa kanuni ya darasa. Kisichojulikana kinasemwa hakijulikani, kichwa kikiwa juu, na kwenye karatasi kinaachiwa mstari mtupu uliopigwa kwa rula. Mtu asiujaze kwa kubuni.

Fundi aliondoka dirishani macho yakimchoma. Yeye shuleni kwao neno "sijui" lilikuwa na bei yake, fimbo mbili za mkononi. Alizila nyingi. Darasa la sita, siku ambayo aliulizwa kitu mara tatu na mara tatu hakukijua, alitoka na begi lake akaenda kukaa kwa shangazi yake aliyekuwa na cherehani, na hakurudi tena. Hakumlaumu mtu. Ila hata leo mteja akimuuliza kitu asichokijua, mkono unajificha wenyewe nyuma ya mgongo.

Binti yake muhula huu alikuwa amepewa mtu kutoka boksi namba kumi. Alikuja nyumbani akiruka.

"Mama, nimepewa binti wa fundi!"

"Nani huyo?"

"Ni mtu wa zamani, wa mji wa Halab. Baba yake alikuwa anatengeneza usturlabu, chombo cha shaba, cha duara hivi, kama sahani, cha kupimia nyota na kujua saa. Na yeye akajifunza kazi hiyo, akawa fundi, akafanya kazi kwa mtawala wa mji. Mwalimu kasema kanipa mimi kwa sababu na mimi ni binti wa fundi."

"Makubwa! Jina lake nani?"

"Hatujui," alisema binti, kidevu juu. "Kuna orodha moja ya zamani, imemtaja kwa mstari mmoja tu. Imetaja jina la baba yake, halafu ikasema, na binti yake. Basi, mama. Basi!"

Huyu binti yake Fundi mwenyewe alipewa jina la marehemu bibi yake, mama mzazi wa Fundi, ndiyo maana Fundi alimwita "mama", na binti naye alimwita yeye "mama", na wageni wakabaki wakigeuza shingo kutafuta ni mama yupi anayeitwa.

Sasa, Jumapili ile kabla ya mkaguzi kuja, binti alinakili ukurasa wake kwa usafi ili Jumatatu ubandikwe ukutani, akaulaza juu ya meza, akaenda kulala. Fundi alikuwa anapiga pasi sare. Pasi mkononi, akausoma. Akausoma tena. Mwandiko mzuri, picha ya ile sahani ya shaba imechorwa vizuri, na katikati ya yote hayo: Jina lake, halafu mstari mtupu.

Kanuni aliijua. Aliisikia kwa masikio yake dirishani. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja, mtu mgeni, mtu wa ofisi, na pengo lile lilimkodolea macho kama tundu kwenye sare ya mtoto wakati wa gwaride. Mkono wake wa kulia ulianza kuwasha pale pale palipokuwa pakichapwa. Na mawazo mengine yakaja juu yake, ya huruma: mwanamke alifanya kazi yote ile ya shaba na nyota, halafu anapita miaka elfu moja bila hata jina la kuitiwa chai! Akachukua ile peni ya zambarau ya kuandikia vipimo vya wateja. Akaandika jina la mama yake.

Aliandika vizuri, polepole. Akarudi kwenye pasi moyo ukiwa mwepesi. Asubuhi binti aliukunja ukurasa bila kuutazama, akakimbia kuwahi kengele.

Simu iliwaka saa tatu na nusu. Fundi aliisoma kwa sauti, maana wifi yake alikuwa amesimama tayari.

"Kipindi cha Ijumaa kimesimamishwa. Chumba cha maboksi kimefungwa. Mwalimu amekiri kosa kwa barua. Mkaguzi atakuja kesho asubuhi kuichukua barua na kumaliza suala la uhamisho. Wazazi wawe watulivu."

"Kosa gani?" Fundi aliuliza. "Wifi, wewe unafagia pale. Kosa gani?"

Wifi alijikuna kichwa. "Nilikuwa sitaki kukuambia kabla ya habari kufika, maana ni kuhusu mtoto wako. Wamekuta kajiandika."

"Kajiandika nini?"

"Jina lake. Kwenye ile karatasi ya binti wa fundi. Mkaguzi kasoma jina la yule wa zamani, kasoma jina la mwanafunzi chini, ni lilelile. Akasema, hapa watoto wanafundishwa kujiingiza kwenye historia kama wanavyojiingiza kwenye picha za harusi. Wifi? Wifi, mbona umekaa chini?"

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, pale pale penye vipande vya vitambaa. Hata siku moja hakuwahi kulifikiria jina la mama yake kuwa ni jina la binti yake pia. Kwake yalikuwa majina mawili.

Pazia lilisogea. Binti alikuwa amesimama, macho makavu kabisa.

"Nilijua ni wewe, mama. Ile peni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mkaguzi aliniuliza nani kaandika. Nikasema hatujui."

"Ulisemaje?"

"Hivi." Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Mwalimu akanitazama. Akajua. Hakuna anayesema hatujui hivyo. Halafu yeye akasema kosa ni lake, kwa sababu Jumatatu alizibandika zote bila kuzisoma tena. Mkaguzi akaandika."

Wifi akainama, akaanza kuokota vipande vya vitambaa. 

Asubuhi Fundi hakufungua kazi. Aliweka sindano, uzi mweupe na kipande cha bitana kwenye mkoba, kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyochukua leso, akamshika binti mkono. Njiani alijaribu maneno. Alianza na "Naomba radhi sana mheshimiwa," akayaacha. Akaanza na "Mimi ni mtu wa elimu ndogo," akayaacha hayo pia, kwa sababu binti alikuwa anasikia.

Kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu alimkuta Mwalimu Viatu. Hakuwa analia wala kushika tama. Alikuwa na boksi namba kumi mapajani na gundi ya karatasi, anaziba pembe iliyopasuka.

"Shikamoo, Mwalimu," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, binti wa fundi. Hili nililipeleka nyumbani kulitengeneza, ndiyo maana halikufungiwa na wenzake. Nikihama, atakayekuja asilikute limechanika."

"Mwalimu," Fundi alianza, "lile jina..."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Nimeshonewa sketi na wewe, Fundi. Risiti yako ninayo nyumbani, ya zambarau."

"Sasa kwa nini ukachukua kosa langu ukaliandikia barua?"

Mwalimu Viatu alibonyeza pembe ya boksi kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika. "Sikuchukua lako. Kupitia kazi kabla ya kuibandika ni jukumu langu, na sikulifanya. Kosa lako ni lako. Nikilisema mimi, nitakuwa nimekuandikia maisha yako bila kukuuliza."

Fundi alimwacha binti kwenye benchi. Akauendea mlango. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nusu. Ndani alikuwapo mwalimu mkuu, aliyekuwa anapanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika, na mkaguzi, mtu mfupi mwenye miwani na shati jeupe lililopigwa pasi kama bango. Mbele yake palikuwa na barua, na juu ya barua ile karatasi. Fundi, kwa kuwa jicho lake halipumziki, aliona pia kwamba kifungo cha mkono wa kushoto wa shati kilikuwa nje ya tundu lake.

"Mama, tuna kazi," alisema mwalimu mkuu kwa haraka. "Taarifa kwa wazazi itatolewa."

"Jina hilo nimeliandika mimi," Fundi alisema.

Mkaguzi aliinua macho.

"Nimeliandika Jumapili, mwanangu akiwa amelala. Ni jina la marehemu mama yangu. Mtoto aliacha mstari mtupu kama alivyofundishwa, na mwalimu alimfundisha sawasawa, mimi mwenyewe nimemsikia dirishani kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyeona pengo nikaogopa."

"Ukaogopa nini?"

Mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma ya mgongo. Akaurudisha mbele, akaushikilia kwa mwenzake.

"Wewe, mheshimiwa. Nilipokuwa shule, pengo lilikuwa fimbo mbili."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Mama," alisema, na sauti haikuwa kali, ila ilikuwa na uzito, "historia si shati. Kwamba ukiona tundu, unashona."

"Hata shati, baba, tundu la kifungo halishonwi," Fundi alisema kabla hajajizuia. "Ukilishona, shati halifungi."

Mwalimu mkuu aliacha kupanga kalamu.  Mkaguzi, bila haraka, akatazama mkono wake wa kushoto, akaona kilichoonwa, akapitisha kifungo kwenye tundu lake.

"Mlete mtoto."

Binti aliingia. Mwalimu Viatu alisimama mlangoni nyuma yake, boksi kifuani.

"Jumanne nilikuuliza nani kaandika jina hili, ukaniambia hatujui."

"Nilijua," alisema binti. "Nilidanganya. Nisamehe."

"Haya. Nakuuliza lingine. Huyu binti wa fundi, mikono yake ilishika nini?"

"Shaba." Sauti ilianza chini ikapanda. Akasimulia sahani ya duara na mistari yake, na baba, na fundi mwingine aliyemfundisha, na mtawala wa Halab. Karne akaitaja ya kumi, na mkaguzi alipomkatiza kumuuliza kwa nini kumi ilhali miaka ni mia tisa na kitu, akamweleza habari ya viatu, akamwonyesha mpaka vya kwake, vilivyokuwa na nafasi ya kidole mbele.

"Na alipendezwa na kazi hiyo? Au alilazimishwa?"

"Hatujui."

"Na jina lake?"

Binti alimtazama mama yake. Halafu akageuka, akanyoosha shingo, akainua kidevu mpaka Fundi akaona kovu dogo chini yake, la kuanguka akiwa na miaka minne.

"Hatujui," alisema.

 Mkaguzi alivuta barua ya Mwalimu Viatu, akaisoma tena yote, akaikunja, akamrudishia mwenyewe kwa mkono.

"Taarifa nitaiandika upya, na wenzangu wa kikao nitawaeleza. Kipindi kiendelee. Mimi sikuja hapa kufunga mlango wa mtu anayewafundisha watoto kutodanganya. Lakini mwalimu, siku nyingine usome kabla ya kubandika."

"Nitasoma," alisema Mwalimu Viatu.

"Na karatasi hii hairudi ukutani hivi. Wino huu haufutiki."

"Haufutiki," Fundi alikubali. "Ndiyo maana nauandikia vipimo." Tayari mkoba ulikuwa wazi. Alitoa kile kipande cha bitana nyeupe, akakikata kwa meno kufuata mstari, upana wa kidole kimoja, akakilaza juu ya jina la mama yake, akakishona pande nne kwa mishono midogo midogo isiyoonekana, watu watatu wa ofisi na elimu zao wakimtazama kama watoto. Alipofika mwisho alikata uzi. Mstari ulikuwa mtupu tena, isipokuwa ukipitisha kidole unahisi kuna kitu kidogo chini yake.

Mwalimu Viatu alipitisha kidole. "Huyu uliyemfunika," alimwambia Fundi chinichini walipotoka, "naye mikono yake ilishika kitu, au sivyo?"

"Jembe, Mwalimu. Na mimi."

"Niandikie. Ukurasa mmoja."

"Maboksi yako si yanaishia kumi na tano? Mama yangu ni wa majuzi."

"Kaka yangu ana maboksi dukani mpaka dari."

Watoto wa darasa la tano walikuwa wameshajazana kwenye korido, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na saa nne ilikaribia, na mlango wa chumba cha maboksi ulikuwa na kufuli kubwa la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alijipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati. Akarudi ofisini, akavuta droo zote. Akatoka na jasho.

"Ufunguo nilimpa nani?"

"Mimi," alisema wifi, akitokea nyuma ya watoto na ufagio wake. Alikuwa ameufunga ufunguo kwenye ncha ya kanga kiunoni. "Tangu jana. Nilikuwa nasubiri wakubwa wamalize."

Akalifungua lile fundo kwa meno, akawapita watoto wote, akaingiza ufunguo. Kufuli likagoma kidogo. Akalitukana kwa upole, akalizungusha tena, na mlango ukafunguka, na harufu ya kadibodi ikawapiga usoni, na pale kwenye rafu yalikuwapo maboksi tisa, namba sita mpaka kumi na tano, na nafasi moja katikati, ya namba kumi, ambayo Mwalimu Viatu alipita kwenda kuijaza.